Sura ya Sita: Woga wa Kampala katika Muvi za Nabwana

Likitajwa jina la Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, anayejulikana zaidi kwa herufi zake tatu, I.G.G., kinachokumbukwa kwanza ni bei. Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani, na tangu hapo karibu kila aliyeiandika ameanzia kwenye dola hizo na wengi wameishia hapohapo. Mtazamaji wa Texas au wa Berlin anaicheka helikopta iliyobandikwa kwa kompyuta juu ya paa za Kampala, anastaajabu kwamba watu wasio na kitu wamethubutu kulipua mji mzima, kisha anamtumia rafiki yake aicheke naye. Kustaajabu si kosa. Kosa ni kwamba kustaajabu huko kumezifunika muvi zenyewe, hata zikawa zinasifiwa bila kutazamwa. Ukizirudia kwa utulivu, kuanzia Captain Alex, ukaja Bad Black ya mwaka 2016, ukamalizia na Crazy World, utamkuta mtu anayefanya kazi ya filamu za kutisha hata pale bango linapotangaza mapigano na vichekesho. Anachoshughulika nacho ni kile ambacho Kampala inakiogopa kweli: kifo kisicho na muuaji, bili ya hospitali, mtoto aliyetumwa dukani asirudi. Kicheko ni njia yake ya kuushika woga huo bila kuungua, na chombo chake kikuu ni sauti ya mtu anayesema juu ya picha.

Nabwana alizaliwa mwaka 1973, Idi Amin akiwa madarakani. Amin alipokimbia mwaka 1979 Nabwana alikuwa wa umri wa kuanza shule, na alikuwa bado mtoto vita vya msituni vya Luweero vilipoanza mwaka 1981. Kabla ya kamera alifyatua matofali. Alianza kozi ya kutengeneza kompyuta, ada ikamshinda, akajifundisha mwenyewe kuhariri picha. Mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions nyumbani kwake Wakaliga, upande wa Nateete, na jina hilo akaliunda kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mke wake Harriet akawa mtayarishaji. Lakini katika wasifu wake wote, jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine ni hili ambalo wengi hulitaja kwa kupita: utotoni hakuwahi kuingia kwenye jumba la sinema. Ndugu zake wakubwa ndio walioenda kutazama, wakarudi wakamsimulia nani alimpiga nani, gari lilipinduka vipi, stelingi alitokaje kwenye moto. Aliijua filamu kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Kwake yeye simulizi ilitangulia, picha ikafuata.

Na katika hilo hakuwa peke yake, kwa sababu Afrika Mashariki karibu yote ilipokea filamu namna hiyo. Mwaka 1935 hadi 1937 mradi wa kikoloni wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri huko Tanga, ulizungusha lori lake Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, ukionesha picha za kilimo na afya huku maelezo yakisemwa kwa lugha za wenyeji. Serikali ya kikoloni iliona kwamba picha peke yake haitoshi, lazima awepo msemaji. Kaseti za video zilipoenea, vibanda vya video vya Kampala vikampa msemaji huyo kazi mpya na jina jipya, VJ. Anaketi na kipaza sauti chake, benchi zimejaa, anatafsiri Kiingereza cha Hollywood au Kichina cha Hong Kong kwa Kiganda, anaeleza, anakejeli, anawapa waigizaji majina ya mtaani. VJ Jingo amekuwa na jina kubwa mjini kuliko waigizaji wengi wa muvi alizozitafsiri. Wakenya wanaye DJ Afro, Watanzania walimpata Lufufu, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibandaumiza anajua kwamba watu huchagua muvi kwa kumtazama msimuliaji kwanza. Wajapani walikuwa na watu wa namna hiyo enzi za filamu zisizo na sauti, waliitwa benshi, na walikuwa nyota. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Filamu za sauti zilipoingia, kazi yao ikafa. Kampala mambo yakawa kinyume: filamu zilikuja zikiwa tayari zina sauti, na bado watu wakataka sauti nyingine juu yake.

Nakala ya Captain Alex tuliyonayo leo ina sauti ya VJ Emmie mwanzo hadi mwisho, na hakuna nyingine. Nabwana hakuwa na mahali pa kuhifadhi kazi zake. Muvi mpya ilipohitaji nafasi kwenye kompyuta, ya zamani ilifutwa, kwa kuwa hakutarajia mtu wa nje ya mtaa wake aje kuiulizia. Kilichosalia ni nakala yenye msimulizi. Wapo wanaolilia hasara hiyo, wakisema tumepoteza kazi halisi ya mwongozaji tukabaki na kazi iliyoingiliwa na mpiga kelele. Nawaelewa, kwa sababu ni kweli kwamba VJ Emmie anafunika mazungumzo, na mahali pengine mtu angetamani anyamaze angalau kwa dakika moja. Ila hoja yao inadai kwamba kulikuwa na namna ya kawaida ya kuiona muvi hii kimya, na namna hiyo haikuwapo. Muvi ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotarajia kusikia mtu akizungumza nao. Tazama jinsi Nabwana anavyokata picha: mtu anafyatua risasi, tunaonyeshwa wanne wakianguka, kisha kamera inatulia sekunde moja zaidi ya inavyohitajika. Sekunde hiyo ndiyo nafasi ya VJ. Mwongozaji amemwachia mwenzake mlango wazi, na mwenzake anaingia akiwa na tusi, sifa au tangazo la muvi ijayo. Kwangu mimi Captain Alex ina waandishi wawili, na kupotea kwa nakala ya kwanza kumetuachia kazi yao wote wawili.

Sasa tuangalie hadithi yenyewe. Kapteni Alex, askari bora wa nchi, anatumwa kulimaliza genge la Tiger Mafia. Anamkamata ndugu wa Richard, bosi wa genge hilo, naye Richard anaapa kulipa kisasi. Watu wa Richard wanapomfikia Alex wanamkuta ameshakufa. Hawakumwua wao. Ndugu wa marehemu, Bruce U, bingwa wa kung fu, anaanza kumsaka muuaji, jeshi nalo linaendelea na Tiger Mafia, majengo ya Kampala yanalipuliwa, Richard anakamatwa, muvi inaisha. Aliyemwua Kapteni Alex hatajwi. Swali lililo kwenye kichwa cha muvi linabaki swali, na VJ anaaga watazamaji nalo. Mashabiki wa ng'ambo wanakuchukulia kutojibu huko kuwa mzaha bora kuliko yote, au ushahidi kwamba mwandishi alisahau. Mimi naona hapo ndipo kiini cha muvi kilipo. Chini ya utawala wa Amin, Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu mchana kweupe Septemba 1972, na mwili wake haukupatikana kamwe. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, serikali ilitangaza ajali ya gari. Hao ni wakubwa wanaojulikana. Maelfu ya wadogo walitiwa kwenye buti za magari ya State Research Bureau, polisi wa siri wa Amin, na familia zao hazikupewa hata uongo wa kushikilia. Katika nchi ya historia hiyo, muvi ambamo mtu mashuhuri anakufa, kila mwenye bunduki anashukiwa na hakuna jibu, haiwezi kuwa mzaha mtupu kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la kibanda Nateete.

Nitaambiwa kwamba nampa Nabwana mawazo asiyokuwa nayo. Kwamba alitaka mapigano, akapiga mapigano, na mimi naleta Kiwanuka na Luwum mahali wasipoitwa. Pengine. Sidai kwamba alikaa akapanga fumbo la kisiasa, na hakuna kitu ndani ya muvi kinachomtaja Amin. Ninachodai ni kidogo zaidi lakini kinatosha. Msimuliaji mzuri hachukui umbo lolote tu linaloelea hewani. Anachukua lile ambalo watu wake watalitambua bila kuelezwa. Hollywood, aliyoisikia kwa midomo ya ndugu zake, ingempa umbo la muuaji anayefichuliwa dakika tano za mwisho. Hakulichukua. Alichukua umbo la kifo kisicho na mwenyewe, na hadhira ya kwanza, iliyonunua DVD zake mlangoni kutoka kwa waigizaji wenyewe, haikuhitaji kuambiwa kwa nini umbo hilo linakaa sawa.

Kuhusu damu, pingamizi ni kali zaidi, na linatoka nyumbani. Nchi iliyozika na kuzikana kiasi hiki, wanauliza baadhi ya Waganda, ina haja gani ya kuona vichwa vikipasuka kwa ajili ya kuchekesha? Na jambo lenyewe halikubaki nadharia: tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, mabomu ya kweli yaliua zaidi ya watu 70. Mwaka uleule, Kampala ya Nabwana ilikuwa inalipuliwa kwa kompyuta. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa kutazama jinsi damu ile inavyotengenezwa. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja akaugua, wakaiacha. Wakahamia rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu, kondomu inafichwa chini ya shati na kufungwa uzi wa kuvulia samaki, mtu anavuta uzi, mpira unapasuka, shati linalowa. Bunduki anazichomelea fundi wao, Dauda Bisaso, kwa chuma chakavu, na fremu ya helikopta iliyotengenezwa kwa mtindo huohuo imekaa uani. Ukitazama kwa makini unaona uzi ukivutwa. Unamwona pia mtu aliyekufa dakika kumi zilizopita amerudi na fulana nyingine, anakufa upya. Filamu ya kutisha ya kawaida hufanya kila juhudi kukusahaulisha kwamba hiyo ni rangi. Hapa uzi umeachwa uonekane, na VJ anakuonesha kwa kidole kama hukuuona. Damu isiyodai kuaminiwa haiwezi kumdhihaki aliyetokwa na damu ya kweli. Inampa mtu nafasi ya kutazama mji wake ukiungua, jambo ambalo angeliogopa hata kuliwaza, akiwa amezungukwa na majirani wanaocheka, na anajua kila aliyeanguka ataonekana kesho akinunua mkaa.

Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga Nabwana na mtu ambaye mashabiki wanapenda kumfananisha naye, Ed Wood wa Marekani, aliyepiga Plan 9 from Outer Space miaka ya 1950 na mwaka 1980 akatangazwa na ndugu wawili waandishi, Harry na Michael Medved, kuwa mwongozaji mbaya kuliko wote waliowahi kuishi. Wood alitaka visahani vyake vya angani viaminiwe. Kichekesho chake kinatokana na umbali kati ya alichokusudia na alichokipata, ndiyo maana kumcheka kuna ukatili kidogo ndani yake. Kwa Nabwana umbali huo haupo, kwa sababu anayecheka wa kwanza yumo ndani ya muvi, analipwa kwa kazi hiyo, na anazungumza kwa niaba ya mtengenezaji. Ukitaka wa kumfananisha naye, nenda kwa George Romero, aliyepiga Night of the Living Dead mwaka 1968 nje ya Hollywood, akiwa na marafiki na wafadhili wadogo, na akaweka ndani ya hadithi ya maiti wanaotembea hofu ambayo Marekani ya mwaka ule ilikuwa nayo mitaani. Romero hana VJ, na hachekeshi. Ila wote wawili wanajua kwamba zimwi ni kisingizio cha kusema kinachojulikana na jirani.

Bad Black inathibitisha kwamba Captain Alex haikuwa bahati tu. Inaanza na mwanamume anayeiba benki kwa sababu mke wake yuko hospitali na fedha haipo. Mtazamaji wa Austin, ambako muvi ilioneshwa kwenye tamasha la Fantastic Fest mwaka 2016, anaona mwanzo wa kuchekesha wenye kukimbizana kwa magari. Mtazamaji wa Kampala anaona jambo analolijua kwa majina ya watu. Binti wa mwizi huyo anaangukia mikononi mwa genge linalowatumikisha watoto wa mtaani, anakua, anageuka kuwa Bad Black mwenyewe, mwanamke anayeogopwa. Kisha anaingia Daktari Ssali, Mmarekani anayechezwa na Alan Hofmanis, mtu wa New York aliyeiona trela ya Captain Alex mwaka 2011 akapanda ndege kuja Wakaliga. Daktari anaibiwa kila kitu, hata vibati vya jeshi vya baba yake, na anayemfundisha kupigana ni mtoto mdogo wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Mzungu aliyekuja kusaidia anafanyishwa mazoezi na mtoto asiye na viatu, na VJ Emmie hamwonei huruma hata kidogo. Wanaosema Nabwana anauza umaskini wa Wakaliga kwa watu wa nje hawajamsikiliza VJ huyu vizuri. Anasema Kiingereza, ndiyo, kwa sababu anajua nani yuko chumbani safari hii. Na alichochagua kumwambia mgeni kwa Kiingereza hicho ni kwamba anachekwa.

Hata hivyo hapo pana hatari, na sitaifunika. Kadiri wageni wanavyozidi kuwa wengi chumbani, ndivyo VJ anavyozidi kusema nao, na aliyekaa kwenye benchi la Nateete anakuwa mtu anayesemwa badala ya kusemeshwa. Mwaka 2015 kampuni iliomba dola 160 kwa njia ya Kickstarter ili itengeneze Tebaatusasula: Ebola, ikapata zaidi ya 13,000. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo, kwa jina la Wakaliga Uganda, ilialikwa kwenye maonesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, ikapeleka Football Kommando. Heshima ni heshima, na hakuna anayeishi kwa kuuza DVD mlango kwa mlango mbele ya maharamia anayeweza kuambiwa akatae. Lakini sehemu dhaifu za Bad Black ni zile ambazo mzaha unahusu Wakaliwood, yaani studio hii yenyewe, umaarufu wake na mashabiki wake. Hapo hakuna woga wa kushika, na kicheko kinabaki hakina kazi. Nitaongeza kasoro nyingine ambazo wapenzi wa muvi hizi hawapendi kuzitaja: katikati ya Captain Alex kunachosha, wanawake humo karibu hawana la kufanya, na mapigano mengi yanarudia picha zilezile.

Crazy World, iliyotengenezwa mwaka 2014 na kufika Toronto mwaka 2019 katika kitengo cha filamu za usiku wa manane, inarudi kwenye woga, na safari hii ule mkubwa kuliko yote. Tiger Mafia inateka watoto kwa ajili ya kafara. Kwa mtazamaji wa Canada hiyo ni njama ya ajabu iliyobuniwa. Uganda ya miaka ile ilikuwa imechoka kusoma habari za watoto waliouawa na waganga kwa ajili ya utajiri wa wateja wao, na mwaka 2009 polisi walikuwa wameunda kikosi maalumu kwa ajili ya makosa hayo. Wazazi wa Kampala walikuwa na sababu ya kuwatoboa watoto masikio na kuwatahiri mapema, kwa imani kwamba anayetafuta kafara hataki mtoto mwenye alama. Mwongozaji mwingine angeifanya habari hiyo muvi ya majini. Mussa Banzi wa Dar es Salaam, kwenye Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000, alionesha jinsi mizimu na majini inavyoweza kubeba woga wa mji kwa nguvu, na wapo waliolala taa ikiwaka. Nabwana haleti jini. Watekaji wake ni watu, tena wapumbavu, na watoto waliowateka ni Waka Starz, watoto wa mtaani kwake wanaojua kung fu kuliko watu wazima. Wanawazidi watekaji akili, wanawazidi mateke, wanatoka.

Mkosoaji atasema huko ni kuukimbia ukweli: mtoto wa kweli haponi kwa teke la kung fu, na kumwonesha akipona ni kumdanganya mzazi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama muvi ingedai kumfundisha mzazi jambo. Haidai. Watoto wanaocheza humo ni watoto waliokuwa wanaishi na tishio hilohilo njiani kwenda shule, na kwa muda wa muvi wamepewa kuwapiga wale wanaowaogopa, mbele ya macho ya mtaa mzima, huku VJ akiwashangilia kwa majina. Filamu za kutisha zilizowapa waathirika wenyewe nafasi hiyo ni chache popote duniani. Kwa kipimo hicho naiona Crazy World kuwa kazi bora ya Nabwana kuliko Captain Alex iliyompa jina, ingawa ndiyo inayotajwa mara chache.

Kwa hiyo anayetaka kuzirudia muvi hizi aanze na Bad Black, aende Crazy World, aiache Captain Alex mwisho, akiwa ameshazoea kumsikiliza VJ kama mwandishi wa pili na si kama kelele. Na asizitazame peke yake kwenye simu. Akusanye watu, apandishe sauti, na amwache anayejua Kiganda ambishie VJ Emmie.